Maji ya Zambarau ndani ya Biureti

Katika sanduku la bati ambalo marehemu mama alikuwa akiliweka chini ya kitanda chake, nyumbani Kikwajuni, pamoja na hati za nyumba na vyeti vya kuzaliwa, mna picha moja nyeusi na nyeupe inayonionesha nikiwa kidato cha tatu, mwaka 1984, nimevaa shati jeupe la skuli, mkono wa kushoto umeshika kibomba cha biureti, ile neli ndefu ya kioo ya kupimia vimiminika, na wa kulia umeshika chupa ya kioo chini yake. Macho yangu yameikazia ile chupa kama ya mtu anayesubiri rangi ibadilike. Ukweli ni kwamba hapakuwa na rangi yoyote iliyokuwa ikisubiriwa. Skuli ilikuwa ikitarajia wageni, asidi ilikuwa imekwisha tangu muhula uliotangulia, na maalim wetu wa kemia alitia chembe mbili tatu za pamanganeti, dawa inayoyageuza maji kuwa ya zambarau, katika maji ya mfereji ili biureti isionekane tupu. Kibomba kilikuwa kimefungwa. Mpiga picha alituambia tusipumue, nasi hatukupumua.

Picha hiyo imenirudia akilini kwa sababu miezi ya karibuni, jioni baada ya sala ya isha, nimekuwa nikitazama picha za mwanzo kabisa za wanasayansi waliopigwa pamoja na vyombo vyao vya majaribio. Nilianza kwa heshima kubwa, kama inavyompasa mtu aliyefundisha kemia karibu umri wake wote. Kadiri nilivyozidi kuzitazama, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mabwana hao wakubwa, karibu wote, walikuwa katika hali ileile niliyokuwa nayo mimi: wameshika chombo, na chombo hakifanyi kazi.

Ami yangu alifanya kazi miaka mingi katika studio moja ya Mji Mkongwe, si mbele ya wateja bali ndani ya chumba cha giza, akisafisha picha za maharusi, za pasipoti na za watoto waliovalishwa nguo za Sikukuu. Picha yangu ya maabara ilipita mikononi mwake kabla ya kufika kwangu. Siku aliyoileta nyumbani alicheka, kisha akasema maneno ambayo wakati ule niliyachukulia kuwa ni mzaha wa mtu mzima: "Mwanangu, kamera haijui kazi. Inamjua mtu aliyetulia." Leo naona kwamba kwa picha za karne ya 19 maneno hayo hayakuwa mzaha hata kidogo, yalikuwa ni kanuni ya kemia.

Njia ya kupiga picha ya Mfaransa Louis Daguerre, iliyotangazwa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa tarehe 7 Januari 1839 na kufafanuliwa hadharani tarehe 19 Agosti mwaka huohuo, ilitumia bamba la shaba lililofunikwa kwa fedha. Bamba lilisuguliwa mpaka likang'aa kama kioo, likawekwa juu ya mvuke wa iodini hadi uso wake ukawa na utando mwembamba unaohisi mwanga, likatiwa ndani ya kamera, na baada ya hapo likafukizwa kwa zebaki iliyopashwa moto, ambayo iliganda mahali palipopata mwanga na kupaacha palipobaki kivuli. Nasema likafukizwa kwa sababu sioni neno linalofaa zaidi: lilifunikwa ndani ya kisanduku, moto ukiwa chini na moshi ukipanda, kama nguo inavyowekwa juu ya tenga la udi, tofauti ikiwa ni kwamba moshi huu ni sumu. Mwisho lilioshwa kwa chumvi ili mwanga usiendelee kulila.

Mwanzoni bamba hilo lilihitaji dakika kadhaa za jua kali. Lenzi ya Josef Petzval, iliyobuniwa Vienna mwaka 1840 na iliyokusanya mwanga mwingi kuliko zilizoitangulia, pamoja na mvuke wa bromini ulioongezwa juu ya ule wa iodini, viliupunguza muda huo hadi chini ya dakika moja, na hapo ndipo watu walipoanza kupigwa picha za nyuso kwa wingi. Hata hivyo dakika moja, au nusu yake, ni muda mrefu sana kwa shingo ya mwanadamu, ndiyo maana studio ziliweka nyuma ya kiti chuma kilichosimama wima na kukishika kisogo cha mteja kama koleo. Ukiona katika picha za zamani watu wana sura za ukali, usiwadhanie kiburi.

Sasa tulitie jaribio la sayansi ndani ya dakika hiyo. Tone linadondoka, povu linapanda, sindano ya dira inacheza, cheche inaruka na kuzimika kabla jicho halijafumba. Na hayo yote ndiyo hasa ambayo bamba haliwezi kuyapokea. Mwali wa taa nao una udhia wa pili, kwani mbali na kutetemeka, rangi yake ni ya manjano na nyekundu, ilhali mabamba ya zama hizo yalihisi zaidi buluu, zambarau na ule mwanga uliojificha ng'ambo ya zambarau. Mpaka mwaka 1873, Hermann Vogel alipogundua kwamba rangi za kutia zinaweza kulipanua jicho la bamba hadi kwenye kijani na kuendelea, vitu vingi vilivyo vyekundu mbele ya kamera vilitoka vyeusi. Mwanasayansi aliyetaka kupigwa picha akiwa kazini alilazimika, kwa hiyo, kuisimamisha kazi yenyewe. Akichagua kuonesha umiminaji, hamimini. Akichagua kuonesha uunguzaji, haunguzi.

Picha niliyoitazama kwa muda mrefu kuliko zote ni ya Robert Cornelius wa Philadelphia. Jina lake wengi wanalijua kwa picha nyingine, ile aliyojipiga mwenyewe mwaka 1839 nyuma ya duka la taa la familia yake, nywele timtim na mikono kifuani, ambayo inahesabiwa miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za uso wa binadamu. Mimi navutiwa zaidi na ya Desemba 1843, ambamo yumo pamoja na vyombo vya maabara. Cornelius hakuwa mtu wa kuazimwa vyombo ili apendeze. Alikulia katika kazi ya madini, akijua jinsi ya kufunika shaba kwa fedha na kuisugua ing'are, na akishirikiana na daktari Paul Beck Goddard alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kutumia bromini kuharakisha bamba. Alifungua studio mapema, kisha akaiacha baada ya miaka michache na kurudi kwenye taa za familia, ambazo bila shaka zilileta riziki iliyo bora.

Ndipo lilipo jambo lililonifanya nikae kuandika. Katika picha hiyo ya 1843 vyombo vya kioo vimetulia, wala halipo badiliko lolote la kemia tunaloweza kulishuhudia ndani yake. Lakini bamba lenyewe, lililokuwa ndani ya kamera hatua chache mbele ya yule bwana, lilikuwa katika kemia ya kweli tupu, iodini na bromini zikiachana na fedha chembe kwa chembe kwa nguvu ya mwanga uliotoka katika shati lake na paji la uso wake. Jaribio lililokuwa likiendelea chumbani humo halikuwa mezani. Lilikuwa ndani ya kamera, na mtu wa mezani ndiye aliyekuwa kifaa chake. Nami nadhani Cornelius, tofauti na wengi waliomfuata, alilijua hilo vizuri.

Kuna dogo jingine kuhusu picha za namna hii ambalo haliwezi kuonekana katika nakala za vitabuni. Bamba la Daguerre hugeuza upande, kushoto kukawa kulia, isipokuwa pale mpigaji alipotumia kioo au kipande cha kioo cha pembe tatu kurekebisha. Kwa hiyo mtu anayeonekana akishika neli kwa mkono wa kushoto huenda alikuwa ameishika kwa mkono wa kulia. Tena, kwa kuwa uso wa bamba ni kioo, anayelitazama hujiona na yeye mwenyewe ndani yake, paji lake likiwa juu ya paji la marehemu.

Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza wa umeme na sumaku, anastahili kusimuliwa polepole. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu katika Taasisi ya Kifalme, London, Ijumaa ya tarehe 25 Januari 1839, akawajulisha habari za picha za mwanga, siku ambayo kazi za William Henry Fox Talbot, Mwingereza aliyebuni njia yake ya picha za karatasi, ziliwekwa maktabani wazione. Alikuwa bingwa wa kuonesha majaribio mbele ya hadhira, na mihadhara ya Krismasi kwa vijana, iliyoanzishwa mwaka 1825, ilipata umaarufu mkubwa kwa mikono yake. Mchoraji Alexander Blaikley alimchora akiwa katika mhadhara mmojawapo mwishoni mwa 1855, ukumbi umejaa, mume wa Malkia Victoria ameketi mbele, naye Faraday yuko nyuma ya meza iliyosheheni vyombo. Brashi iliweza kuukusanya ukumbi mzima. Kamera haikuweza.

Kamera ya studio ya Maull & Polyblank, karibu na mwaka 1857, ilimpata Faraday akiwa amevaa koti lake jeusi na ameshika mkononi kipande kirefu cha kioo. Asiyeambiwa anaweza kudhani kuwa ni sumaku, au rula, au kipande cha barafu. Kumbe hicho ni kioo kizito cha namna ile aliyoitumia mwaka 1845, alipopitisha ndani yake mwanga uliochujwa mpaka ukatetemeka katika bapa moja tu, kisha akawasha sumaku ya umeme pembeni, akaona bapa lile limegeuka kidogo. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza iliyothibiti kwamba sumaku na mwanga vina udugu. Ndani ya picha hamna sumaku wala mwanga uliochujwa. Ipo bakora ya kioo mkononi mwa mzee mwenye nywele nyeupe, kama hatibu alivyoshika bakora juu ya mimbari. Hatibu haitumii bakora ile kuchungia mbuzi, na hakuna msikitini anayemuuliza kwa nini ameishika.

Mwanafizikia James Clerk Maxwell naye tunaye, kijana bado, Cambridge, ameshika pia yake ya rangi. Watoto wetu wanaijua pia, ile inayofungwa kamba na kurushwa uwanjani ikazunguka mpaka ikaonekana imelala. Ya Maxwell ilikuwa na duara za karatasi zenye rangi, zilizopishanishwa ili kila rangi ipewe sehemu yake, na ikizungushwa kwa kasi jicho huzichanganya zikawa rangi moja. Akipata vipimo sawasawa vya nyekundu, kijani na buluu, hupatikana kijivu kisicho na rangi yoyote. Katika picha, pia hiyo imesimama, na rangi zote zimekuwa kijivu kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni kwamba picha za wakati ule hazikuwa na rangi. Sijui kama yeye mwenyewe aliliona hilo akacheka. Mimi nilicheka, nikaikumbuka pamanganeti yangu, ambayo katika picha ya skuli imetoka nyeusi kama wino.

Tarehe 17 Mei 1861 Maxwell alirudi kwenye rangi zilezile, safari hii akiifanya picha yenyewe kuwa ndiyo jaribio. Mpiga picha Thomas Sutton alikuwa amempigia utepe wenye mistari ya rangi mara tatu, kupitia vimiminika vya rangi nyekundu, kijani na buluu, na mbele ya wasikilizaji wa Taasisi ya Kifalme picha hizo tatu zilimulikwa kwa taa tatu ukutani, moja juu ya nyingine, utepe ukaonekana na rangi zake. Kwa haki haikupasa kufaulu, maana bamba halikuhisi nyekundu. Miaka 100 baadaye, watafiti wa kampuni ya filamu ya Kodak walionesha kwamba sehemu nyekundu za utepe zilirudisha pia mwanga ulio ng'ambo ya zambarau, na kimiminika chekundu kiliupitisha, kwa hiyo bamba liliandika kitu ambacho hakuna aliyekiona wala aliyekikusudia. Katika miaka yote niliyofundisha sikuwahi kupata mfano mzuri kuliko huo wa jibu sahihi lililopatikana kwa njia isiyokuwa yake, na nasikitika kwamba nimeujua baada ya kustaafu.

Thomas Edison na fonografu yake, waliopigwa Washington mwezi Aprili 1878, nawapita haraka. Picha ni nzuri, lakini mashine ya sauti ndani ya picha ni bubu, na hilo halihitaji maelezo marefu.

Yupo mmoja aliyeipindua kanuni ya ami. Daktari Duchenne wa Boulogne, katika miaka ya 1850, alikuwa akichunguza misuli ya uso kwa kuigusa kwa ncha mbili za umeme, umeme ambao yeye mwenyewe aliuita kwa jina la Faraday. Msuli ukipata mkondo huo unajikunja na kubaki umejikunja maadamu mkondo unapita. Uso wa hofu, ambao kwa mwigizaji ungelegea baada ya sekunde mbili, kwa Duchenne ulikaa pale kama umechongwa, na bamba la kolodioni, yaani kioo kilichopakwa utando unaohisi mwanga, lilipata muda wake wote. Akisaidiana na Adrien Tournachon, ndugu wa mpiga picha maarufu Nadar, alikusanya picha ambazo alizitoa katika kitabu mwaka 1862, na katika baadhi yake yumo mwenyewe, amesimama kando ya mgonjwa, ameshika vile vijiti, mkono haujifanyi. Hapo, kwa mara moja, tunachokiona ndicho kilichokuwa kikitendeka: umeme unapita, msuli unavuta, bamba linaandika. Charles Darwin alizichukua baadhi ya picha hizo kwa kitabu chake cha 1872 kuhusu namna hisia zinavyojionesha kwa watu na wanyama.

Lakini siwezi kuzitazama kwa raha. Mtu anayeonekana mara nyingi zaidi ni mzee asiye na meno, aliyewahi kuwa fundi viatu, ambaye uso wake ulikuwa umepoteza hisia kwa maradhi, na Duchenne alimchagua kwa sababu hiyo, kwani hakusikia maumivu. Uso unapiga kelele na mwenyewe ametulia. Jina la daktari liko juu ya kitabu. Katika picha ya Faraday aliyetulizwa ni mwanasayansi, na kilichoshikwa ni kioo. Katika hizi kilichoshikwa ni kichwa cha mtu masikini. Wazee wetu waliokataa kupigwa picha, wengine kwa sababu za dini na wengine kwa kuona haya tu, walikuwa na hoja ambayo sisi vijana wa wakati ule tuliipuuza mapema mno.

Upande wa pili kabisa yuko Nikola Tesla, mvumbuzi wa mambo ya umeme, Colorado Springs, Marekani, Desemba 1899, ameketi kitini na daftari lake huku radi za kutengenezwa zikipita juu ya kichwa chake. Picha hiyo imezunguka dunia nzima na inazunguka bado katika simu za vijana wetu. Mpiga picha Dickenson Alley aliipiga mara mbili juu ya bamba moja: kwanza cheche, gizani, chumba kikiwa hakina mtu, kisha Tesla ameketi kwa utulivu, mashine ikiwa imezimwa. Cheche ni za kweli. Utulivu ni wa kweli. Kukutana kwao ndiko kusikokuwepo, na Tesla mwenyewe hakulificha. Miaka 60 baada ya Daguerre, bado mtu na jaribio lake hawakuweza kukaa ndani ya chumba kimoja mpaka waunganishwe juu ya bamba.

Huku kwetu kamera ilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Msafara wa nahodha Mfaransa Charles Guillain, uliopita pwani hii kati ya 1846 na 1848, ulibeba vyombo vya Daguerre, na Unguja ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekaa hapa miaka mingi akiwa mwakilishi wa Uingereza, alikuwa mpiga picha mwenyewe. Huyo ni mwanasayansi aliyesimama nyuma ya kamera, na mimea yake haikuhitaji chuma cha kisogo, ilihitaji upepo utulie. Baadaye zikaja studio za mjini, ya A. C. Gomes mwishoni mwa karne ya 19, na Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ambayo kila mkaazi wa Mji Mkongwe wa rika langu ameshasimama mbele ya vioo vyake akizitafuta sura anazozijua.

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, anayesomea ualimu wa sayansi, alinionesha katika simu yake video ya kimiminika kikigeuka rangi ndani ya chupa, tone kwa tone, na ukingo wa rangi ukitanuka na kupotea. Nilimtolea picha yangu kutoka sandukuni ili tulinganishe. Aliitazama, akaniuliza, "Mjomba, hapa ulikuwa unapima nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba sikuwa nikipima kitu, na kwamba maji yale yalikuwa ya zambarau. Akaigeuza nyuma kutafuta tarehe. Nyuma mna maandishi madogo ya kalamu ya risasi ambayo kwa miaka yote hiyo sikuyajali, kwa mkono wa ami, kama alivyozoea kuandika kila alipotoa nakala ya majaribio: "Mwanga sekunde 12. Dawa dakika 3. Dawa imechoka."